Bi Rahila binti Marhoon na Barua Iliyofika Ikakaa Kashani

Wasifu huu umesomwa kwenye khitma yake, Darsait, Maskati, siku ya tatu baada ya maziko.

Marehemu Rahila binti Marhoon alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 3 Machi 1922, mtoto wa kwanza wa Marhoon bin Said na Bi Masouda. Alisoma Kurani kwa mama yake, kisha skuli ya serikali ya wasichana, na akahitimu ukunga mwaka 1943. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Mwanafunzi mwenzake alipoogopa damu, yeye alimwambia, "Basi nenda kashone mapazia."

Mwaka 1944 aliolewa na Bwana Amur bin Sleyum, wakajaaliwa watoto wawili, Muhsina na Sleyum. Aprili 1964 waliingia Maskati na masanduku matatu. Mdogo wa Bi Rahila, Mahbuba, alikwenda Uingereza na mumewe, Bwana Thani.

Kwa miaka mitano Bi Rahila alizalisha wanawake wa Darsait na Matrah, na mara nyingine Bustan. Huko Bustan mwenyeji mmoja alimkalisha, akamletea halua na kahawa, akamuuliza hali ya kila jamaa yake, ndipo akataja kuwa mkewe ana uchungu tangu alfajiri. Bi Rahila alikwisha inuka. "Kahawa yako nzuri, bwana, lakini mwanao hana adabu kama zako. Hatosubiri."

Agosti 1967 alikwenda kumtazama mdogo wake. Mahbuba alikuwa ameitwa na kliniki ya baraza la mji kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, kipimo cha dakika tano kinachouona ugonjwa kabla mwenyewe hajahisi kitu. Jumanne tarehe 5 Septemba walikwenda pamoja. Mbele yao mwanamke wa Kiingereza alirudishwa kwa sababu nyumba yake iko ng'ambo ya daraja, na baraza la huko halijaanza kupima.

"Lini wataanza?" aliuliza yule mama.

Karani hakuinua macho. "Waulize wao."

Bi Rahila alimgeukia mdogo wake, akasema kwa Kiswahili, sauti juu, "Hii ndiyo Ulaya tuliyokuwa tukiogopeshwa nayo skuli? Saratani nayo inavuka daraja kwa ruhusa ya baraza?"

"Dada, punguza sauti."

"Kwani wanajua nnachosema?"

Mahbuba alimwandikisha kwa anwani yake, wakampokea. Karani akamuuliza jina. "Rahila binti Marhoon." Akauliza la mume, akaandika "Bibi Amur". Bi Rahila akamwambia mara tatu kwamba kwao mwanamke haolewi akapoteza jina la baba yake. Karani akatabasamu, akaacha alivyoandika. Wakaambiwa wasipoandikiwa wajue wako salama. Wiki ya pili yake Bi Rahila akarudi Maskati.

Barua mbili zilitoka siku moja, tarehe 27 Septemba, bahasha za aina moja, muhuri mmoja. Ya Mahbuba iliandikwa "Bibi Thani", kwa jina la mumewe. Thani akaifungua, na mwezi haukwisha mkewe akawa amekwisha kutibiwa. Ya pili, ya Bi Rahila, iliandikwa "Bibi Amur". Bwana Thani ni mtu wa heshima, hafungui barua yenye jina la mwanamume mwenziwe. Hakuuliza, hakumwambia mkewe, naye akadhani dada yake hakuandikiwa; wala hakuandika hata mstari wa kumzindua mtu. Aliona ni mambo ya wanawake, na mambo ya wanawake hayaulizwi. Akampa msafiri wa kuaminika, aliyepitia Kuweit na Dubai kwa shughuli zake, akaifikisha Mei 1968.

Bwana Amur hasomi Kiingereza. Aliona jina lake na muhuri wa baraza la Waingereza, akaogopa, akaitia kashani. Chini ya paa hilo hilo alikuwako msomaji wa Kiingereza, lakini mke hasomi barua ya mume asipopewa, na mume haonyeshi kuwa barua imemshinda. Muda wote huo Bi Rahila alihesabu ukimya kuwa ni uzima.

Februari 1969 alianza kutoka damu. Alijua ni nini kabla ya daktari. Akitafuta pasi yake ya safari kashani, aliikuta barua. Akamkabidhi mumewe kwanza, kama desturi.

"Fungua, Bwana Amur."

"Isome wewe, mama Muhsina."

Akaisoma, akaikunja. "Miezi tisa umenifungia uhai wangu pamoja na kanzu zako za Idi."

Bwana Amur alilia. Bi Rahila alimwacha alie, kisha akamwambia aende akamtafutie tikiti ya Bombay. Mionzi ya Bombay ilimwongezea mwaka, haikumponya. Alifariki nyumbani Alkhamisi tarehe 11 Juni 1970, sawa na 6 Mfungo Saba 1390, akazikwa alasiri yake, umri miaka arubaini na minane.

Tangu juzi wengi wamesema hapa kuwa ilikwisha andikwa. Kadari ni ya Mwenyezi Mungu, hapana anayebisha. Lakini karani asiyesikiliza, mabaraza yanayogawana wanawake kwa daraja, na mabwana wanaoona haya kuuliza, hao wasijifiche nyuma ya kadari. Simu ya maandishi ya rambirambi ya Bwana Thani imefika. Ina maneno kumi na moja, yote ya heshima.

Ameacha mume, Bwana Amur bin Sleyum. Watoto, Muhsina na Sleyum. Wajukuu wawili, Hind na Nasriya. Na mdogo wake Mahbuba, aliyepimwa naye asubuhi ile ile, akakutwa na ugonjwa ule ule, na leo yu mzima. Mahbuba ameandika katika simu yake mwenyewe kuwa anaona haya kuwa hai. Asione haya. Haya hiyo tumewawekea wanaoistahiki.

Ewe Mola, mpokee mja wako Rahila, mghufirie, umpe mapumziko yaliyo mema kuliko kazi yake. Amin.