Watoto Waliobaki Ndani ya Mashine

Siku niliyochomoa kibodi ya watu nikaitia kwapani na kutoka nayo nje, mwanangu alikuwa mgongoni amelala. Mwenye ofisi alikuwa ametoka kusema, tena anakunywa soda, "Dada, kesho fundi mpya anakuja kufuta kila kitu humo, tuanze upya. Vyako si hadithi za bibi tu?"

Wiki tano nilikuwa nimevumilia "ngoja kesho". Nikamwambia, "Bila hii, utafutia kidole gani?" Nikaondoka. Nikaikata mitaa ya Mirongo mchana kweupe, waya unaburuzika nyuma yangu, vijana wananipigia kelele, "Mama, kamba unayo, mbuzi yuko wapi?"

Mnacheka. Leo na mimi nacheka, siku ile sikucheka. Ndugu zangu, jina la mtu sitataja, sikuja kumwaibisha mtu mbele ya madhabahu. Nimekuja kusema nilivyoanguka na walioniinua.

Mama yangu ni mkunga wa jadi, ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema. Hakusoma. Watoto wote aliowapokea aliwaweka kichwani: huyu alizaliwa wakati wa kuvuna pamba, yule alitanguliza miguu. Wakati wa kuandikisha shule watu walimfuata awaambie umri wa watoto wao. Mwaka juzi akaanza kusahau. Siku moja aliniita kwa jina la marehemu dada yake, akajishtukia. Halafu akasema, "Niandikie hawa watoto kabla hawajanitoka."

Nikaandika kwenye madaftari, yeye akisema. Wakati huo nilikuwa mchapaji katika ofisi moja ya kompyuta mjini. Si mnajua siku hizi biashara ni huria, kila kona imefunguliwa ofisi. Mwenye ofisi aliniruhusu kuchapa mambo yangu saa ya chakula. Nikawachapa wote. Sasa sikilizeni ujinga wangu mwenyewe: nilipomaliza, yale madaftari nikampa jirani anayeuza karanga, afungie. Yameshaingia kwenye kompyuta, karatasi za nini? Nilijiona nimeendelea. Hata disketi moja ya akiba sikuweka.

Jumamosi moja mwanangu alipata homa, sikwenda kazini. Ofisi ya jirani ilikuwa imeibiwa mashine, basi mwenye ofisi akamwita fundi aifunge yetu kwa neno la siri, ili mwizi akiichukua asisome kitu. Kazi za wateja alizitoa kwanza kwenye disketi. Zangu hakuzikumbuka, na mimi hakuniuliza. Fundi yuko katikati ya kufunga, umeme ukakatika. Jumatatu nikaandika neno la siri nililopewa, likakataa. Nikaandika tena, likakataa. Vyote vilivyokuwamo vimegeuka alama ambazo hata shetani hasomi. Nisameheni. Fundi mwenyewe alishapanda meli kwenda Bukoba, tukaambiwa tumngoje.

Sasa turudi kwenye kibodi. Nilipofika nayo nyumbani Kiseke, mama mmoja wa jumuiya yetu, naye yumo humu ndani, alinikuta mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo umeiba?"

"Nimeishika rehani."

"Umeiba. Kesho tunairudisha, mimi na wewe. Ulisoma mpaka kidato cha nne ujifunze kukwapua? Kalamu huna?"

Tukairudisha. Yule mama akamwambia mwenye ofisi, "Mwanangu, usikifute chombo hiki mpaka huyu amefika kwa mama yake." Akakubali kungoja mwezi mmoja. Kama ni huruma au ni aibu, sijui.

Nikavuka kwa kivuko kwenda kukiri. Nilidhani mama atalia. Akasema tu, "Waite wenye watoto."

Jamani, walikuja! Uwanja ulijaa. Mmoja akasema, "Wangu alizaliwa siku ile mvua ya mawe ilipotoboa bati la ghala la pamba." Mwenzake akamdaka, "Acha uongo wewe! Siku hiyo ulikuwa ngomani, tena ulicheza na tumbo lako hilo hilo. Ulijifungua kesho yake!" Mama akacheka mpaka akashika mbavu, na kila walipobishana na yeye akakumbuka kidogo. Siku tatu niliandika. Nawaambia, mwanamke anaweza kusahau yote, siku aliyojifungua haisahau.

Siku ya tatu bibi mmoja akaja na mjukuu wake. "Na wetu je? Mwalimu anauliza umri." Nikamtazama mama. Mama akamtazama yule mtoto muda mrefu, akatikisa kichwa. Mama wa mtoto alishafariki. Tulipohesabu, wa namna hiyo walikuwa kumi na mmoja.

Namshukuru yule mama aliyeniita mwizi usoni. Nawashukuru wanawake wa ng'ambo, walioacha palizi wakaja. Somo langu halina utamu: andika nakala ya pili, uiweke nyumba nyingine. Na wewe unayefunga mlango wako, uliza kwanza nani yumo ndani.

Hasira sitawadanganya, bado ninayo. Ila safari hii nimeipeleka penye mhuri. Juzi, mwezi ule ukikaribia kwisha, nilifika ofisini kwa afisa biashara wa manispaa, wakaipokea barua yangu wakaigonga mhuri. Nakala hii hapa, nawasomea.

"Yah: Malalamiko ya kufungiwa kumbukumbu zangu bila kuulizwa.

Mimi ni mchapaji. Mwajiri wangu alifunga kompyuta yenye kumbukumbu zangu bila kunijulisha, ikashindikana kufunguka, na sasa anataka kuifuta. Kosa la kutokuweka nakala ni langu, nalikubali. Siombi fidia. Naomba aamriwe asifute chochote, na fundi aliyeifunga aitwe arudi, ajaribu kuifungua mbele yangu.

Humo ndani wamebaki watoto kumi na mmoja. Mama zao wamekufa. Siku walizozaliwa haziko mahali pengine popote."