Gladys Amondi, Aliyeuliza Ufunguo Uko kwa Nani

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Gladys Amondi anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita ya kuyahoji mashirika ya Tarime na Serengeti kama yako tayari kwa mafuriko, njaa au ugonjwa wa mlipuko. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajaribu, ila nina hasira.

Alianza kama karani wa ofisi yetu pale Sirari. Baadaye akapewa pikipiki na fomu ya maswali arobaini, na wakurugenzi wakaanza kumwogopa. Soda yao hakuigusa mpaka aonyeshwe stoo. Wa mwisho kuhojiwa alikuwa mlinzi au mpishi, kwani, alivyotufundisha, hao hawana sababu ya kupamba.

Swali la arobaini na moja alilibuni mwenyewe: ufunguo wa stoo uko kwa nani? Makao makuu walilifuta mara tatu, wakidai si la kitaalamu. Tulicheka pamoja nao, mimi nikiwemo, na ninaona aibu.

Mwaka juzi mvua ya Aprili ilibomoa nyumba Nyansurura. Mablanketi mia nne yalikuwa kwenye stoo ya shirika ambalo ripoti yetu ililipa alama za juu kabisa. Mwenye ufunguo alikuwa amevuka mpaka kwenda msibani Migori, na simu yake ikawa haipatikani. Watoto walilala na nguo zilizolowa siku mbili, huku sisi tukiandikiana barua pepe.

Siku ya tatu Gladys alifika na shoka. Mlinzi, Sadock, alimwamkia shikamoo, kisha akamsihi asimponze akafukuzwa kazi. Gladys alimjibu, "Andika kwenye daftari lako kwamba ni mimi." Akavunja kufuli. Kufikia saa saba mchana kila mtoto alikuwa na blanketi.

Kwa kazi hiyo ofisi yetu ilimpa barua ya onyo. Shirika lile halikuandikiwa hata mstari mmoja. Barua bado imo kwenye jalada lake, na kwa sababu hiyo anastaafu bila cheti cha utumishi mwema. Mwenyewe anasema tuachane nayo, ana mihogo ya kupalilia Kisaka. Hatuachi.

Dada Gladys, asante. Mungu akupe afya, usingizi wa kutosha na mihogo isiyofikiwa na nguruwe pori.

Uongozi nao usikie: watumishi kumi na tisa tumesaini maneno haya. Barua hiyo isipochanwa mbele yetu siku ya sherehe, kila mmoja wetu anaomba aandikiwe ya kwake mapema, maana mvua za vuli zinakuja.