Dkt. Anyelwisye Mwakalobo, Mwalimu wa Vinasaba wa Chumba cha Bi Halima

Wachungaji, wazee wetu, majirani na wageni mliotoka mbali, mimi Ambwene, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kueleza maisha yake. Dada hakupenda kupakwa mafuta kwa maneno, kwa hiyo nitasema yaliyotokea.

Dkt. Anyelwisye alizaliwa tarehe 3 Machi 1980 hapa Ngonga, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Asajile Mwakalobo na mama yetu Beatrice. Alianza shule ya msingi hapahapa mwaka 1988. Akiwa darasa la sita, mwalimu aliwatoa wanafunzi kwenda kupalilia shamba lake wakati wa kipindi cha sayansi. Anyelwisye akabaki darasani peke yake. Alipoulizwa, alijibu, “Mwalimu, saa hii ni ya sayansi.” Alichapwa. Wiki iliyofuata akabaki tena.

Alisoma sekondari wilayani Rungwe na baadaye Mbeya, akapata shahada ya kilimo Morogoro mwaka 2005, na shahada ya uzamivu Afrika Kusini mwaka 2013. Sisi wa nyumbani alitueleza kwamba vinasaba ni maelekezo yaliyomo ndani ya kila kiumbe, na kwamba yeye aliyasoma kwa kompyuta ili ajue ugonjwa wa mpunga umetoka wapi na umebadilikaje.

Tarehe 16 Agosti 2008 alifunga ndoa na Mwalimu Jackson Mwasomola katika kanisa letu hapa Ngonga. Mungu aliwajalia watoto wawili, Asifiwe na Yohana.

Aliajiriwa katika kituo cha utafiti ambacho sitakitaja mbele ya jeneza lake. Kila msimu wageni wa miradi walikuja vijijini Busale na Talatala kuchuma majani ya mpunga mgonjwa, wakaondoka nayo. Wataalamu wetu waliwabebea mifuko. Majibu yakisomwa ng’ambo, hapa hayakurudi. Jambo hilo lilimtia dada kinyaa. Alihangaika mpaka akapata ufadhili wa kuwafundisha wanasayansi vijana wa mikoani kusoma vinasaba wenyewe.

Mafunzo ya kwanza yalifunguliwa mwaka 2017. Ukumbi ulijaa, lakini baada ya chai walibaki wachache. Wengine walikuwa wamesaini posho na kuondoka. Miongoni mwao walikuwamo shemeji wa mkuu wa kituo na watu ambao hawakuwahi kugusa maabara. Veronika, mtafiti wa virusi aliyesafiri kutoka Sumbawanga, alikuwa ameambiwa nafasi zimekwisha, akakaa nje kwenye ngazi.

Mkuu alimwambia dada, “Daktari, hawa wote ni watu wetu. Vumilia.”

Dada akajibu, “Mkuu, nasikia kichefuchefu.” Akafunga mafunzo siku ileile na kukataa kusaini taarifa ya mafunzo hayo.

Wakamvua uongozi wa kitengo. Mashine ya kusomea vinasaba, iliyoletwa kwa jasho lake, ikafungiwa stoo ikimsubiri mgeni rasmi wa kukata utepe. Mgeni hakuja. Stoo ilipofunguliwa, dawa za mashine zilikuwa zimeharibika, panya wamezalia ndani ya boksi, na harufu iliwatoa watu nje wakiziba pua. Dada alitapika palepale uani.

Hakuacha. Likizo iliyofuata alimwendea Bi Halima Ridhwani, muuza vitambaa wa Kyela mjini, akapewa bure chumba cha juu ya duka. Akamwita Veronika, akawaita na Godwin na Anyisile, watafiti wa vituo vingine. Walilala kwetu, wakala wali wa mama, na kila likizo wakarudi na wenzao wapya. Hakuwabembeleza. “Usinipe jibu la kompyuta,” aliwaambia. “Nipe sababu yako.”

Mwaka 2022 mpunga wa Busale uligeuka wa njano, ingawa ulikuwa wa mbegu iliyosemwa kwamba haiugui. Kituo kikaagiza mbegu ileile iendelee kugawiwa. Wanafunzi wa dada walichukua majani, wakasomewa vinasaba vyake katika maabara ya chuo kimoja, kisha wakachambua takwimu wenyewe pale kwa Bi Halima. Virusi vilikuwa vimebadilika. Mbegu ile haikufaa tena. Walikwenda wilayani na ushahidi wao, na ugawaji ukasimamishwa kabla ya kupanda.

Kituo kilitoa ripoti ya kazi hiyo. Jina la mkuu lilikuwa la kwanza. La Veronika halikuwamo, wala la dada. Aliniambia, “Ambwene, nimechukia mpaka mate ni machungu.”

Oktoba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Dar es Salaam, kisha Mbeya. Huko wodini mkuu alimfuata na mpiga picha. Dada aligeukia ukutani, akasema, “Mtoeni. Manukato yake yananitapisha.” Walipotoka, alimwomba Veronika afungue kompyuta waendelee walipoishia. Alifariki asubuhi ya tarehe 14 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Jana tulipokea hotuba ya rambirambi kutoka kituoni, inayomwita “nguzo yetu”, pamoja na ombi kwamba mkuu aisome hapa. Mama aliisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mrudishieni. Mwanangu hataisikia hiyo.” Tumeirudisha. Shada lao tumelipokea kwa sababu maua hayana kosa. Atakayezungumza baada yangu ni Veronika.

Marehemu ameacha mama, mume, watoto wawili, sisi ndugu zake, na wanasayansi kumi na wanane wanaosoma vinasaba katika mikoa yao bila kumsubiri mgeni.

Bwana akupokee, dada, akupumzishe. Ndaga fijo, asante sana.