Milioni Moja na Moja

Usinikunjie pua. Kama unadhani mtu mzima hawezi kukosa makaratasi kwa ajili ya hesabu ya kugawanya, huwajui wanaume wa Doornfontein, mtaa wetu huu wa wageni. Benchi lao liko ndani ya chumba changu cha kahawa, hatua chache kutoka roboti, zile taa za barabarani. Jumatano asubuhi walikuwapo wawili: Ruphin, Mkongo anayelinda geti la chuo, tunamwita Profesa maana lile geti limempanda kichwani, na Burhani wa Tanga, Kadhi, kila jambo ana hukumu yake. Akaingia Murielle, msusi wa kwao Bukavu, mtoto mgongoni. Saa nne alitakiwa akahojiwe ofisi ya wakimbizi. Alitaka kahawa tu. Wakamuuliza namba ya faili: 1000001.

— Ayayay, Mama Murielle! — Profesa alisema. — Hii namba ni mubaya. Gawanya na mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu: inakatala. Namba yenye haigawanyike, faili yake haifunguke.

— Tena isome kutoka nyuma, — Kadhi akadakia. — Ile ile! Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wanakurudisha Bukavu.

— Eish! Na moja ziko mbili. Ni maaskari. Zile zero tano za katikati ni mipira ya gari yao.

— Gari gani ina mipira mitano?

— Na ya akiba, Kadhi!

— Haya. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hapa viko viwili, na chawa ni wewe, mama.

Murielle akaweka mkoba chini.

— Basi niende kesho, niombe namba ingine.

Kesho! Walishamwandikia: asipofika leo, faili linafungwa. Nikanyakua kalamu. Nimeishia darasa la saba, lakini kugawanya nilifundishwa kwa fimbo. Namba inayosomeka sawa pande zote, nikaitafutia mwenzake wa namna hiyo: 101. Ikaingia mara 9901, baki hakuna.

— Inagawanyika, vichwa maji nyie!

Profesa akaitazama hesabu. Haya hana.

— Njo mubaya zaidi! Watawagawanya: mama huku, mutoto kule.

Murielle akaanza kulia. Nikaitupa kalamu. Samira, anayeniletea vitumbua, alikuwa ameshafika mlangoni.

— Na namba zenu nyinyi, zinagawanyika? — Samira akawauliza.

— Yangu? Kwa mbili, kwa nne, kwa nane! — Kadhi alijigamba.

— Yangu kwa tatu na kwa tisa, — Profesa naye.

— Na makaratasi mmepata?

Profesa akachungulia kikombe. Kadhi akakoroga kahawa isiyo na sukari. Mmoja mwaka wa kumi na moja huu anasubiri, mwingine wa tisa.

Nikajifunga kanga, nikamtwika Murielle mkoba wake.

— Tangulia. Twende tukapange foleni.

— Bi Mwatumu, — Kadhi akaita, — sasa sisi unatuacha vipi?

Nikamsukuma Samira nje, nikatoka, nikaubamiza mlango wa chuma, nikatia kufuli na wao humo ndani.