Mwalimu Octave, Aliyekataa Ukumbi Ugawanywe

Naomba radhi kwa kuchelewa. Maneno haya yalitakiwa yachapwe kwenye programu ya sherehe ya tarehe 30 Novemba 2018, siku aliyostaafu Mwalimu Octave Kalenga baada ya miaka ishirini na mmoja ya kufundisha darasa la jioni katika ukumbi wetu wa wahamiaji hapa Bellevue. Mwanangu anaota meno, na kila nikishika kalamu nasinzia. Sasa Mwalimu ameshafika kwao Lubumbashi, na jarida la ukumbi limenipa ukurasa. Afadhali, maana tangu aondoke kuna jambo limezuka.

Alianza na Kiingereza. Baadaye akaongeza somo la uraia, na humo akamwingiza James Madison, rais wa nne wa Marekani. Eish, wanafunzi walicheka! Mkongomani anawafundisha Watanzania na Warundi habari za mzungu aliyekufa zamani. Mwalimu hakujali. Alieleza kwamba Madison aliwaza jambo linalotuhusu: kundi la wengi likishika nguvu zote, litawaonea wachache, hata kama ni watu wema. Kujitenga kila mtu na wa kwao hakusaidii. Kinachosaidia ni makundi yawe mengi na yachanganyike, lisipatikane moja la kuyameza mengine.

Mama Brigitte, msusi wetu asiyeogopa mtu, alimkabili mbele ya darasa: "Huyo Madison wako si alikuwa na watumwa? Papa Octave, unatuuzia nini hapa?" Mwalimu hakumtetea. Alikiri kwamba Madison alimiliki watu mpaka anakufa, na ule ulinzi wa wachache aliousifu hakuwapa hao. "Wazo tunalichukua," akasema, "dhambi yake tunamwachia mwenyewe." Brigitte akakaa, lakini kwa miezi kadhaa alimwita Papa Madison.

Mwaka 2016 somo lilijaribiwa. Wakristo wa Kongo, ambao ndio wengi, walitaka Ijumaa mchana iwe ya kwaya, Waislamu watafute pengine pa kuswali. Fundi cherehani Ameir, mtu wa Tanga, alikuwa ameshaanza kukunja mikeka. Mwalimu, ambaye naye ni mwanakwaya, akasimama akauliza: kwaya ipi? Basi moto ukawaka. Wakatoliki wakasema yao, walokole wakasema yao. Wa Lubumbashi wakawaambia wa Bukavu kwamba hata sauti ya pili hawaijui. Wakagombana mpaka jioni, wakagundua kwamba wale "wengi" hawakuwa kundi moja hata kidogo. Ameir akatandika mikeka yake upya, akicheka peke yake. Ijumaa ni ya mikeka mpaka leo.

Na sasa kamati mpya ya Bwana Emery inataka kuugawa ukumbi kwa nchi: kila taifa na siku yake, wengine wabaki nje. Kura ni Jumamosi, tarehe 15 Desemba. Darasa la jioni na chumba cha watoto havina nchi, kwa hiyo vitakufa. Mimi ni Mtanzania, na anayenilelea mwanangu mle nikiwa kazini ni mama wa Kirundi. Nimpeleke siku ya nani? Bwana Emery ameniambia, "Mdogo wangu, achana na siasa, una mtoto." Ndiyo, ninaye. Ndiyo maana sitoki.

Mwalimu, asante kwa kutukalisha pamoja hata tulipokuwa hatutaki. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na wajukuu watakaokubishia kama tulivyokubishia sisi. Lakini kabla hujalala, tutumie haya: lile somo la makundi, kwa sauti, kwenye WhatsApp, dakika tano zatosha, kwa ajili ya wenzetu wasiosoma; ufunguo wa kabati la chaki, ambao umeondoka nao; na kura yako, maana katiba yetu inamruhusu mwanachama aliye mbali kupiga kura kwa maandishi. Iwe na sahihi, na ifike kabla ya tarehe 15. Kura zetu sisi ziko tayari.

Fauzia, mzazi wa chumba cha watoto