Pikipiki ya Watu Wanne

Bwana Bourgmestre, mkuu wa commune yetu ya Mususa. Baba Padri na Mchungaji, ambao leo mmekaa benchi moja. Wazee wa mtaa. Bamama wa dispensaire, zahanati yetu. Ndugu zangu waendesha pikipiki wa Butembo na wa Beni, nanyi mliofika kutoka Kirumba na matope mpaka magotini. Mabibi na mabwana. Ninawasalimia wote. Asiyesikia cheo chake asikasirike, karatasi yangu ilikuwa ndogo.

Jina langu ni Kitsa, mnunuzi wa maharagwe na viazi. Umoja wetu wa wenye pikipiki umeniomba niseme neno katika siku hii kubwa ya kufungua atelier, karakana ya fundi wetu, Mama Emérence. Mais lakini tusidanganyane, ndugu zangu. Hamkuacha mashamba na maduka yenu ili mtazame mabati mapya. Mmekuja kutazama kama Kitsa ameleta injini au ameleta maneno.

Chini ya kitenge hiki kuna pikipiki moja ya watu wanne. Chassis ni ya Papa Edmond. Magurudumu ni ya Papa Kasonia. Tangi na kiti ni vya Mama Katungu, muuza vitenge. Injini ni yangu, na wiki tatu zilizopita niliifungua kwa mkono wangu nikaenda nayo nyumbani. Tangu siku ile Solange, infirmière, muuguzi wetu, hajapeleka chanjo hata kijiji kimoja. Wenzangu watatu wamekwisha kusema mbele ya watu kwamba hawadai tena kitu chao. Limebaki neno langu mimi. Nitalisema, lakini mniruhusu nifike kwa njia yangu, kwa sababu mtu aliyekosa mbele ya mji mzima hawezi kujibu kwa ndiyo na hapana tu.

Kabla ya vita hii ya pili, sisi wanne tulikuwa na kazi moja kila Jumapili baada ya misa na ibada, nayo ni kubishana. Pikipiki zetu zote nne zilikuwa za aina moja, za Kijapani, zilipita mpaka wa Kasindi mwaka mmoja. Mngedhani hatuna la kubishania. Thubutu! Edmond alisema yake ndiyo bora kwa sababu aliisugua kwa shati lake la zamani la harusi, mpaka mke wake akauliza kati yake na pikipiki nani aliolewa. Kasonia alijisifu kwamba hatumii petroli nyingi, kwa kuwa akifika mteremko wowote huzima injini na kuteremka kimya kama chukudu, kile kigari chetu cha mbao. Mara ngapi tumemkuta chini ya mlima akisukuma? Mama Katungu alifunga marobota matatu ya vitenge nyuma yake, akatupita sote wakati wa mvua, na hakupiga honi hata kwa mbuzi. Na mimi je? Mimi nilibadilisha oili kila mwezi, sikumwazima mtu, hata mdogo wangu wa tumbo moja, na nilijua saa ambayo watu hutoka kanisani, ili nipite wakati ule ule. Mnacheka. Hapana kucheka sana, na ninyi mlikuwa mkitoka kanisani kunitazama.

Halafu vita ikaja. Askari wa leo walichukua pikipiki, na wa kesho wakachukua zile ambazo wa leo walizisahau. Tulipokuwa tukingoja zamu yetu, kila mtu akilia uani kwake, Mama Emérence alituita. Mwanamke huyu alijifunza ufundi kwa marehemu kaka yake, na wengi wetu, nikiwa wa kwanza, tulikuwa tukimpelekea pikipiki tukiwa tumesimama juu ya kichwa chake tumchunge asiharibu. Siku ile alituambia hivi:

« Askari anatafuta moto, pikipiki nzima, hatafuti kipande. Tena anatafuta kwa nyumba ya mutu mwenye anajulikana. Basi tufungue zote, vipande tupeleke kwa batu benye habakukuwa na moto hata siku moja. »

Ni nani kati yetu, wanaume wenye ndevu, aliyefikiri jambo hilo? Hakuna. Tukafungua. Injini yangu ikaenda Musienene, ndani ya ghala la maharagwe la mjane mmoja. Tangi la Mama Katungu likakaa chini ya kitanda cha katekista. Tukaandika karatasi, sote wanne tukatia sahihi, kwamba siku amani itakapofika kila mtu atarudishiwa chake. Karatasi ile niliitunza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na mashaka zaidi.

Sasa niwaambie kosa letu, maana hotuba ya sifa tupu haishibishi. Emérence alituagiza tupake vipande mafuta mazito ya fundi ili visishike kutu. Mafuta yale hayakupatikana. Tukasema, si mafuta ni mafuta? Tukapaka mawese. Ndugu zangu, panya wote wa Lubero walialikwa! Walikula nyaya, wakala ngozi ya kiti changu, wakala hata mipira ya breki. Na matairi yangu mazuri, familia iliyoyatunza iliona yanalala bure, ikayakata ikavisha magurudumu ya chukudu. Bado ninakutana na chukudu ile barabarani, ninaitambua, inanipita.

Miaka mitatu baadaye, barabara ilipotulia kidogo, tulikusanya vyote katika ua wa Emérence. Chassis yangu ilikuwa imeoza, injini ya Edmond ilikuwa imejaa maji, na kwa Kasonia yalibaki magurudumu na huzuni. Katika pikipiki nne haikupatikana moja nzima. Siku mbili Emérence alikaa chini juu ya turubai, akichagua na kusafisha, na siku ya tatu akasimamisha hii. Sote tukapiga kelele kwa pamoja kila mtu akisema ataiendesha yeye. Emérence akapangusa mikono.

« Hapana. Ni Solange. »

Solange, simama watu wakuone. Hapana kuinamisha kichwa, leo ni siku yako. Wakati ule binti huyu alikuwa akienda Musienene kwa miguu, sanduku la chanjo kichwani, na barafu ikimtiririkia shingoni. Akifika, nusu ya dawa imekwisha kupata joto na kuharibika. Tuliona aibu kukataa. Donc, basi, tukakubali, mimi nikiwa wa mwisho.

Mnakumbuka mwanzo wa mwaka huu, wakimbizi walipojaa Beni, na surua ikaingia kwa watoto wao. Chanjo zilikuwa hapa Butembo. Solange alifunga sanduku nyuma akaondoka asubuhi, baada ya Emérence kumwonyesha kofia ndogo ya waya inayokaa juu ya bujia, plagi ya injini, na kumfundisha kuichomoa kwa vidole viwili, kwani ikitoka injini haiwaki. Kabla ya mlima wa Kabasha, barieri, kizuizi cha barabarani. Askari wakasema moto hii ni ya jeshi. Solange akashuka polepole, akachomoa ile kofia, akaitia mfukoni, akasema, « Mukamate, bakubwa wangu. » Mmoja akapiga kick mpaka jasho. Wa pili akapiga. Wa tatu akaitukana pikipiki kwa Lingala kama kwamba inasikia. Mwishowe mkubwa wao akachoka, akasema, « Mama, kende na yo! » Yaani ondoka na takataka yako. Solange akaisukuma akiwashukuru kwa heshima zote, akapita kona, akarudisha kofia, akateremka mlima. Na barafu? Muganga wa hospitali ya Beni alifungua sanduku, akatia mkono ndani, akapiga kelele mpaka wagonjwa wakatoka nje kutazama: « Ingali baridi! » Ndugu zangu wa Beni mlioko hapa, ni kweli au ninaongeza chumvi? Mpigieni makofi na vigelegele. Ule ulikuwa ushindi wetu, na hatukupiga risasi hata moja.

Lakini mimi, siku ile mji uliposhangilia, nilikuwa na wivu. Ninasema wazi, kwa sababu mke wangu yuko hapa naye anajua. Watu walisema pikipiki ya Solange, wakasema akili ya Emérence. Hakuna aliyesema injini ya Kitsa. Kwa hiyo mwezi wa saba, redio ilipotangaza kwamba wakubwa wameunda serikali moja, nilichukua karatasi yetu nikaenda kwa Emérence.

« Papa Kitsa, wewe unaona amani iko wapi? »

« Redio imesema. »

« Sawa. Kamata spana, ufungue. Ile karatasi ulisaini na benzako balisaini. »

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata la kumjibu. Nikafungua injini, nikainunulia chassis nyingine yenye magurudumu na tangi, na siku ya soko nikapanda kwenda Musienene kununua maharagwe, kifua mbele.

Sikilizeni jambo lililonipata. Pale inapoanza miteremko ya kwanza, niliona wanawake wanatoka mashambani wanakimbia. Wengine walikuwa na watoto mgongoni, wengine waliwavuta kwa mkono, na kila mmoja alishika kile kikaratasi cha chanjo. Walikuwa wamesikia injini. Walijua mlio wake kama mtu anavyojua kikohozi cha baba yake. Walisimama kando ya barabara, safu nzima, nami ikabidi nisimame.

Mama mmoja, Rébecca, mwenye mapacha, alinitazama, akatazama nyuma yangu, akaona magunia matupu.

« Solange eko wapi? »

« Mimi ni Kitsa, mama. Ninaenda soko. »

« Mais tumesikia moto yake. »

« Ni yangu. »

« Basi tutamungojea. Pengine anakuja nyuma. »

Nikaenda zangu. Nikanunua, nikapunguza bei ya watu kama kawaida yangu, nikafunga magunia mawili. Alasiri ninarudi, mvua inanyesha, na Rébecca bado ameketi pale pale, amewafunika mapacha kwa kitenge chake, yeye mwenyewe amelowa. Aliposikia injini alisimama tena. Aliponiona ni mimi, akaketi. Ndugu zangu, mimi nimepita vita mbili, nimelala msituni, nimepigwa fimbo na askari mdogo kuliko mwanangu. Lakini aibu kama ile sijapata kuiona. Nilijisikia mwizi, ingawa kila kipande nilichopanda kilikuwa changu kwa karatasi.

Nikafungua magunia nikayashusha kando ya njia. Nikampandisha Rébecca, pacha mmoja mgongoni kwake na mwingine kifuani, nikaendesha mpaka Butembo polepole, mimi ambaye mnanijua, nikipita kila shimo kama ninabeba mayai. Solange aliwachanja wote wawili kabla ya kufunga mlango. Maharagwe nilipoyarudia kesho yake sikuyakuta, na aliyeyachukua nimemsamehe, nadhani alikuwa na njaa. Kisha nikapeleka injini kwa Emérence. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kuomba radhi. Hakuyangoja. Alichomoa bujia, akaitazama kwenye mwanga.

« Umeiendesha vibaya, Papa Kitsa. Bujia iko nyeusi tii. »

Basi, Bwana Bourgmestre, neno langu ni hili. Hii hapa ni carte rose, kadi ya umiliki wa injini, na hii ni ile karatasi yetu ya sahihi nne. Mbele yako na mbele ya watumishi wa Mungu wa pande zote mbili, carte rose ninaikabidhi kwa dispensaire, iandikwe kwa jina lake. Na karatasi ya sahihi nne ninaichana sasa hivi, mnaona. Edmond, Kasonia, Mama Katungu, mlinitangulia kwa moyo, na mimi nimewafuata nikiwa nimechelewa, lakini nimefika. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Miaka yote hii mimi nilikuwa kidole kilichojisifia kucha yake.

Mama Emérence, vua kitenge. Tazameni! Iko nzima. Tuliifunga jana, mimi na yeye, na safari hii mimi ndiye niliyemshikia taa na kunyamaza. Waliotuvamia walitaka tubaki watu wa miguu, kila mtu na kipande chake mafichoni. Leo tunawaonyesha pikipiki iliyopita katikati ya vita nzima, wala hakuna jeshi lililoipata.

Jumatatu asubuhi itapanda Musienene. Mama Rébecca, umekuja kutoka mbali na mapacha wako. Ukirudi uwaambie wenzako kule. Mkisikia mlio wake, msiulize tena nani anapita na injini ni ya nani. Leteni watoto, sanduku limejaa.

Ninamshukuru Mungu, ninawashukuru wakubwa wetu, na ninyi nyote mlionipa masikio yenu wakati mlikuwa na haki ya kunifungia mlango. Wasingya kutsibu, asanteni sana. Mimi nimemaliza. Solange, washa.