Deetje Rumagit, Aliyecheka Miaka Thelathini

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani, nanyi wana wa Joppie mlioketishwa safu ya mbele kwa agizo la marehemu mwenyewe,

Mama yetu mkubwa, Deetje Rumagit, alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 hapa Sonder, akasoma shule ya misheni Tomohon, akahitimu ukunga mwaka 1951, na kwa miaka thelathini na tano mikono yake ikawapokea nusu ya kijiji hiki, mkiwemo nyinyi wa mbele.

Tarehe 6 Juni 1953 aliolewa na Hein Wowor, mkulima wa karafuu, hawakujaliwa mtoto, na Hein alipofariki tarehe 2 Septemba 1988 aliacha wosia kwamba mjane alitumie shamba, kisha liwe la atakayebaki hai kati yake na Joppie, mdogo wake Hein.

Joppie akaanza kungoja, akachongesha jiwe la kaburi la shemeji yake likiwa na 19 ya mwaka wa kufa tayari, zimebaki tarakimu mbili tu, huku akitangaza, "Huyu hamalizi msimu, majonzi yatammaliza," na kweli marehemu alikuwa hali, halali, presha inampanda, lakini maneno hayo yalipomfikia alifuta machozi, akajiunga na wazee wenzake wapiga kolintang, marimba zetu za mbao, wakawa wanapiga na kucheka kila jioni ubavuni mwa ua wa Joppie.

"Shemeji, mjane mzima, huoni aibu?" Joppie alimuuliza.

"Aibu ya nini, Shemeji? We nuna, mie nicheke, tuone nani atamzika mwenzake!"

Presha ikashuka, daktari akapunguza dawa, na siku ya mwaka mpya wa 2000 alilikalia jiwe lile akala uji wa maboga, ilhali Joppie, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka minne, alikonda kwa kuhesabu vikohozi vya mwenzake, hakwenda harusi wala mavuno ya mtu, mpaka akafariki tarehe 11 Novemba 2007, na marehemu akamwimbia mazishini sauti ya kwanza, beti zote.

Aliugua homa ya mapafu siku tatu, akafariki tarehe 2 Februari 2019, na shamba lote amewaachia wapiga kolintang.

Tunawashukuru daktari, majirani na wakunga wenzake, na zaidi ya wote tunamshukuru Joppie, kwani bila roho yake mbaya tungemzika mama huyu miaka thelathini iliyopita.

Pumzika, Mama Mkubwa, kwa amani yote, na shemeji yako, kama yuko huko, asiipate.